Injini ya basi na mizunguko 138,000: wanachojifunza wachumi vijana kwenye mafunzo ya kiangazi ya ukokotozi

Juni hadi Agosti, wakati Nairobi na Iringa watu wanatafuta masweta, vyuo vya Ulaya na Marekani viko kwenye kiangazi na madarasa yake yako wazi. Ndipo hufanyika mafunzo mafupi ya ukokotozi kwa wanafunzi wa uzamivu wa uchumi na watafiti walio mwanzoni mwa kazi. Katika miaka ya 2000 yaliyovuma zaidi yaliongozwa na Kenneth Judd wa Hoover Institution, Stanford, yakifanyika Chicago kwa ushirikiano na maabara ya Argonne. Kuanzia 2017 Chuo Kikuu cha Chicago kiliendesha kambi ya wiki saba. Paris kuna mafunzo ya Dynare, programu ya kutatua modeli za uchumi mpana, na chama cha Econometric Society huandaa shule ya kiangazi ya modeli za maamuzi yanayoangalia mbele. Mengine ni ya siku tano tu.

Wengi wanaoomba nafasi hudhani wanakwenda kujifunza kuandika programu. Kuandika programu unaweza kujifunzia nyumbani. Kinachofundishwa pale ni namna ya kujua kama namba iliyotoka kwenye kompyuta inastahili kuaminiwa. Ni ujuzi mgumu zaidi, kwa sababu kompyuta iliyokosea haipigi kelele. Inakupa jibu lenye desimali kumi na sita, limenyooka, linavutia, na si kweli.

Kwa nini kalamu haitoshi

Uchumi wa sasa umejengwa juu ya watu wanaoangalia mbele. Mkulima anaamua auze mahindi sasa au angoje Februari. Kaya inaamua iweke akiba kiasi gani. Kila mmoja analinganisha faida ya leo na thamani ya kufika kesho akiwa na nafasi yake mkononi. Lakini thamani ya kesho inategemea ataamua nini kesho, na uamuzi huo unategemea keshokutwa, hivyo hivyo bila mwisho. Ukiyaandika hayo kihisabati unapata mlinganyo ambao kile usichokijua kiko pande zote mbili. Unaitwa mlinganyo wa Bellman, kwa jina la Richard Bellman aliyeujenga miaka ya 1950.

Modeli chache sana za namna hii zina jibu linaloandikika kwa kalamu. Zilizobaki hutatuliwa kwa kukadiria, na kila kadirio lina kosa lake. Kazi ya mtafiti ni kujua kosa hilo ni kubwa kiasi gani na limeingilia mlango gani.

Mabasi ya Madison

Mfano unaotumika kwenye mafunzo mengi ni wa John Rust, uliochapishwa katika jarida la Econometrica mwaka 1987. Harold Zurcher, ambaye jina lake limo kwenye kichwa cha makala yenyewe, alikuwa msimamizi wa matengenezo wa kampuni ya mabasi ya mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Kila mwezi, kwa kila basi, aliamua jambo moja: liendelee na injini iliyopo, au injini ishushwe ifungwe nyingine. Rust alipata kumbukumbu za mabasi 162, za mwezi kwa mwezi, kuanzia Desemba 1974 hadi Mei 1985. Akauliza: kwa kutazama maamuzi haya peke yake, tunaweza kujua Zurcher alikuwa anapima gharama gani kichwani mwake? Mwenye daladala yeyote aliyewahi kulala akiwaza kama injini itafika Desemba analielewa swali hili bila kufundishwa.

Modeli yenyewe ina vipande vichache. Cha kwanza ni hali ya basi, yaani umbali lililotembea tangu injini ifungwe. Rust alikata umbali wa maili 0 hadi 450,000 kuwa vipande 90, kila kimoja maili 5,000, kama kilomita 8,000 hivi. Mwezi ukipita, basi linabaki kwenye kipande chake, linasogea kimoja mbele, au linasogea viwili. Kwa takwimu za Madison uwezekano wake ni takriban asilimia 35, 64 na 1. Kisha kuna gharama mbili: ya matunzo, inayopanda kadiri injini inavyochakaa, na ya kubadili injini. Kuna pia mambo ambayo Zurcher aliyaona na mtafiti hakuyaona, kama karakana kujaa au injini kugonga. Hayo huingizwa kama bahati yenye mgawanyo maalumu, uliochaguliwa ili uwezekano wa kubadili injini uandikike kwa fomula fupi ya logiti, inayogeuza thamani za machaguo kuwa uwezekano. Mwisho kuna kipunguzo, namba inayosema mwezi ujao una uzito gani ukilinganisha na mwezi huu. Rust aliweka 0.9999.

Hiyo 0.9999 ndiyo inayowafundisha wanafunzi mengi kuliko kipande kingine chochote.

Njia ya kwanza ya kutatua mlinganyo wa Bellman ni rahisi kueleza. Kisia thamani ya kila kipande; hata sifuri kwa vyote 90 inafaa. Ingiza makisio yako upande wa kulia wa mlinganyo, soma kinachotoka kushoto, kirudishe kulia, urudie. Hisabati inakuhakikishia kwamba kila mzunguko unalibana kosa: linalobaki si zaidi ya kosa la awali mara kipunguzo. Kwa hiyo ukitaka kosa lipungue mara milioni, unagawanya logi asilia ya milioni, ambayo ni 13.8155, kwa logi ya kipunguzo (ondoa alama ya kutoa). Kipunguzo kikiwa 0.95 unahitaji mizunguko 270. Kikiwa 0.99 ni 1,375. Kikiwa 0.9999 ni zaidi ya 138,000. Huo ni mwendo wa kinyonga, na ni kwa jibu moja tu, la kisio moja la gharama. Ili kupata gharama zinazolingana na takwimu, jibu hilo hutafutwa upya mara mamia.

Polepole si shida kubwa kuliko zote. Kompyuta inaweza kuachwa usiku ikifanya kazi. Shida kubwa iko kwenye amri ya kusimama. Karibu kila anayeanza huandika hivi: simama pale tofauti kati ya mzunguko huu na uliopita inapokuwa chini ya 0.000001. Inaonekana amri ya busara. Lakini tofauti kati ya mizunguko miwili si kosa. Ni hatua. Mtu anayetembea hatua fupi sana anaweza kuwa bado yuko mbali sana na anakokwenda. Umbali uliobaki unaweza kufika hatua ya mwisho mara kipunguzo, ukigawanya kwa moja toa kipunguzo. Kwa 0.95 hiyo ni mara 19. Kwa 0.9999 ni mara 9,999. Hatua ya 0.000001 basi inaweza kuficha kosa la karibu 0.01, na programu ikaandika kwenye skrini kwamba kazi imekamilika. Ukitaka kosa la kweli la 0.000001, amri ya kusimama iwe 0.0000000001.

Katika modeli ya mabasi kuna unafuu, na ni vizuri kuujua ulikotoka. Uamuzi wa Zurcher unategemea tofauti ya thamani kati ya injini chakavu na injini mpya, si kiwango cha thamani yenyewe. Tofauti hizo hutulia mapema zaidi. Kinachochelewa ni kiwango cha jumla. Ndiyo sababu ukitoa thamani ya kipande cha kwanza kutoka kwa vyote katika kila mzunguko, mambo yanakwenda haraka zaidi. Lakini unafuu huu ni wa modeli hii na ndugu zake. Anayeuchukua kama kanuni atakwama kwenye modeli ambayo kiwango ndicho kinachoamua, kama ile ya kampuni kuchagua ibaki sokoni au ifunge.

Suluhisho alilotumia Rust ni kubadili njia katikati ya safari. Mizunguko michache ya kwanza inafanywa kwa njia ya kurudia, kwa kuwa haijali umeanzia wapi. Ukishakaribia, unahamia njia ya Newton: badala ya kusogea kwa kurudia, unatafuta mteremko wa mlinganyo pale ulipo, kisha unatatua mfumo wa milinganyo 90 yenye visivyojulikana 90 na kuruka moja kwa moja. Mruko mmoja unagharimu hesabu nusu milioni hivi, jambo la chini ya milisekunde chache kwa kompyuta ya mkononi. Na karibu na jibu, kila mruko huongeza mara mbili idadi ya tarakimu sahihi: mbili, nne, nane, kumi na sita. Mizunguko 138,000 inageuka kuwa miruko isiyofika kumi.

Mahali kipeo kinapokatika

Sasa tazama kwa karibu hitilafu moja ambayo humpata karibu kila anayeandika modeli hii mara ya kwanza. Fomula ya logiti inahitaji uchukue thamani ya kila chaguo, uiweke kama kipeo cha namba e (2.718 hivi), ujumlishe, kisha uchukue logi ya jumla. Kwenye karatasi hakuna tatizo. Kwenye kompyuta, namba ya biti 64 ina mipaka: e kwa kipeo cha 710 inazidi uwezo na kugeuka "isiyo na mwisho", na e kwa kipeo cha -746 inakuwa sifuri kamili. Kipunguzo kikiwa 0.9999, thamani zinajumlisha gharama za maelfu ya miezi ijayo, hivyo hushuka hadi maelfu chini ya sifuri. Programu inaanza vizuri, mizunguko elfu kadhaa inapita bila neno, halafu ghafla thamani zote zinakuwa sifuri kwenye kipeo, logi ya sifuri inatoa namba isiyo na maana, na kila kitu kinachofuata kinachafuka. Mwanafunzi anaanza kutafuta kosa kwenye mstari alioandika jana, kumbe mstari huo hauna hatia.

Dawa yake ni mistari miwili. Kabla ya kuchukua kipeo, tafuta thamani kubwa kuliko zote na uitoe kwa kila moja. Baada ya kuchukua logi, irudishe. Kihisabati hakuna kilichobadilika. Ila sasa kipeo kikubwa kuliko vyote ni sifuri, e kwa sifuri ni moja, na jumla haiwezi kukatika juu wala chini.

Ndiyo maana mafunzo mazuri huanza siku ya kwanza na namba zenyewe, kabla ya modeli yoyote. Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python upate 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na 0.1 kwenye mfumo huo haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho kwenye desimali. Usahihi wa biti 64 unaishia karibu na tarakimu 16. Mwenye kujua hilo hatauliza kama namba mbili za desimali ni sawa. Atauliza kama tofauti yao ni ndogo vya kutosha.

Kizingiti cha ndani na mteremko wa nje

Kukadiria gharama za Zurcher kunahitaji mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani unatatua mlinganyo wa Bellman kwa gharama zilizokisiwa. Wa nje unabadili makisio hadi maamuzi yanayotabiriwa na modeli yalingane na yaliyotokea Madison. Wa nje unahitaji kujua mteremko: nikiongeza gharama ya injini kidogo, ulinganifu unapanda au unashuka? Njia ya mkato ni kuongeza kidogo kweli, kwa mfano 0.00000001, kuona jibu limebadilika kiasi gani, na kugawanya.

Hapa ndipo kosa la ndani linapomwagikia nje. Ikiwa mzunguko wa ndani umesimama ukiwa na kosa la 0.000001, ukaligawanya kwa hatua ya 0.00000001, mteremko wako unaweza kuwa na kosa la 100. Mtambo wa kutafuta jibu unapewa mwelekeo usio na uhusiano na mlima halisi, unahangaika kidogo, kisha unasimama mahali popote na kutangaza umefika. Kanuni inayofundishwa ni kubana kizingiti cha ndani, yaani kiwango kinachoruhusu mzunguko kusimama, kuliko cha nje kwa mbali sana.

Jambo hili limeshabadili majibu ya tafiti zilizochapishwa. Njia ya Berry, Levinsohn na Pakes ya 1995, iliyotumika kwanza kwenye soko la magari la Marekani na leo inatumika kila mahali kupima mahitaji ya wateja, nayo ina mzunguko ndani ya mzunguko. Mwaka 2012 Dubé, Fox na Su walionyesha kwamba kulegeza kizingiti cha ndani ili kuokoa muda kunaweza kuleta makadirio yasiyo sahihi. Wakapendekeza kizingiti cha ndani cha 10⁻¹⁴ na cha nje cha 10⁻⁶. Mwaka huohuo Su na Judd walipendekeza kuuondoa kabisa mzunguko wa ndani: mlinganyo wa Bellman uingizwe kama sharti, na programu maalumu itafute gharama na thamani kwa pamoja. Walipolinganisha na njia ya Rust, ya kwao ilikuwa na kasi zaidi kwa mbali. Mwaka 2016 Iskhakov, Rust na wenzao wakajibu kwamba ulinganisho ule ulitumia njia ya kurudia peke yake, bila kuhamia kwa Newton. Newton ikirudishwa, njia hizo mbili zinakaribiana. Mjadala huu hufundishwa kwa makusudi, na kwa maoni yetu unafaa kusomwa kabla ya kuchagua programu yoyote: watu wenye uwezo wa juu kabisa, modeli moja, takwimu zilezile, na hukumu ikageuka kwa sababu ya hatua moja ya algoriti.

Kinga rahisi kwa upande wa nje ni kuanzia mahali pengi. Chagua vianzio 50 au 100 vilivyotawanyika, endesha vyote, hifadhi vilikofikia pamoja na ulinganifu wake. Vikifika pamoja, tulia kidogo. Vikitawanyika, mlima una vilele vingi au takwimu zako haziwezi kutenganisha parameta mbili, yaani namba mbili unazozikadiria. Kumbuka Rust mwenyewe hakukikadiria kipunguzo. Alikiweka, kwa kuwa maamuzi yale hayatoshi kukitambua vizuri.

Hali zikiongezeka

Modeli ya hali moja yenye vipande 90 ni mchezo kwa kompyuta. Ongeza hali ya pili, tuseme umri wa basi kwa vipande 90, una sehemu 8,100. Ya tatu inakufikisha 729,000. Ya nne ni zaidi ya milioni 65. Bellman alilipa jambo hili jina linaloweza kuitwa laana ya vipimo, na ni laana kweli: matriksi, yaani jedwali, ya uwezekano wa kuhama kati ya sehemu 729,000 ingehitaji terabaiti 4 na zaidi ukihifadhi kila kisanduku.

Lakini karibu visanduku vyote hivyo ni sifuri. Ikiwa kila hali inaweza kusogea njia tatu tu, kutoka sehemu moja unaweza kufika sehemu 27. Hifadhi zile zisizo sifuri pamoja na anwani zake, na terabaiti nne zinashuka hadi megabaiti 240 hivi. Mwanafunzi aliyekuwa anaomba seva kubwa anarudi kwenye kompyuta yake ya gigabaiti 8.

Kwa hali zinazobadilika bila kurukaruka, kama akiba au mtaji, kuna ujanja mwingine: kuchagua nukta chache zilizo mahali pafaapo. Nukta zilizopangwa kwa nafasi sawa na kuunganishwa kwa polinomia ya daraja la juu huleta mawimbi makubwa pembeni. Carl Runge alilionyesha hilo mwaka 1901. Nukta za Chebyshev, zinazosongamana kuelekea kingo, huyatuliza. Kwa hali nyingi kuna gridi za Smolyak, mipangilio inayochagua sehemu ndogo tu ya nukta: hali kumi zenye nukta tano kila moja zingetaka karibu nukta milioni 10, ilhali gridi ya Smolyak ya ngazi ya pili inatumia 221. Kuna gharama: ikiwa thamani ina kona kali, kama pale mkopo unapokatazwa ghafla, gridi hizi hukosea pale hasa unapotaka usahihi.

Kasi, na vile vinavyoiharibu

Kuhusu lugha, bishana kidogo tu. Python, Julia na MATLAB zote zinatosha. Fortran na C++ bado zipo kwenye kazi nzito. Mzunguko wa kawaida wa Python ni mzito, lakini ukitafsiriwa kwa Numba, zana inayougeuza kuwa lugha ya mashine, unaweza kuongeza kasi mara kumi hata mia bila kubadili lugha. NumPy, maktaba ya namba ya Python, huhifadhi jedwali safu kwa safu kwa mlalo. Julia, MATLAB na Fortran huhifadhi kwa wima. Ukipita kinyume, prosesa inarukaruka kwenye kumbukumbu na msimbo uleule unakuwa mzito mara kadhaa.

Kabla ya kugawa kazi kwa prosesa nyingi, pima. Ikiwa asilimia 90 ya muda inaweza kugawanywa na asilimia 10 haiwezi, hata ukipewa prosesa elfu huwezi kuzidi kasi ya mara kumi. Na ukigawa kazi inayotumia namba za bahati, hakikisha kila prosesa ina mbegu yake, yaani namba inayoanzisha mfululizo wa bahati. Zikianza na mbegu moja, zitatoa bahati zilezile: utadhani una majaribio 8,000 kumbe una 1,000 yaliyonakiliwa mara nane. Upande wa pili wa jambo hilo: unapokadiria parameta kwa kuiga, chota namba za bahati mara moja, uzihifadhi, uzitumie kwa kila kisio. Ukichota upya kila mara, uso wa mlima unatikisika chini ya miguu ya mtambo, nao hautasimama kamwe.

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, nayo hufundishwa, kwa kawaida asubuhi moja. Faida yake inaonekana miezi sita baadaye, mhakiki anapouliza jedwali la tatu lilipatikanaje.

Kabla ya kuomba nafasi

Maombi mengi hufungwa miezi kadhaa kabla ya kiangazi, na huomba wasifu, maelezo ya utafiti na barua ya msimamizi. Maelezo yanayosema "napenda sana takwimu" hayasaidii. Taja modeli, taja hali zake ni ngapi, sema umekwama wapi. Uliza mapema kama nauli na malazi vimo, kwa sababu ada kusamehewa si sawa na safari kulipiwa, na anza foleni ya viza siku barua ya kukubaliwa inapofika.

Usipopata nafasi, sehemu kubwa ya somo iko wazi. Thomas Sargent, mshindi wa Nobel wa 2011, na John Stachurski wameweka mihadhara ya QuantEcon kwenye mtandao bila malipo, kwa Python na Julia, kila ukurasa ukiwa na msimbo unaoendeshwa. Ipakue yote siku intaneti iko vizuri, pamoja na maktaba zake, ufanye kazi hata bando likiisha. Afrika Mashariki kuna mahali pa kukutana pia: AERC (African Economic Research Consortium), taasisi ya utafiti wa uchumi iliyoanzishwa 1988 yenye makao Nairobi, hukusanya wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa uchumi kutoka vyuo mbalimbali vya Afrika kwa masomo ya pamoja. Kikundi cha watu wanne kinachokutana Jumamosi na modeli moja kwa miezi miwili kinaweza kufika mbali sana.

Jaribio la kuanzia ni modeli ya ukuaji iliyo na jibu la kalamu, ili uwe na cha kujipimia. Mtaji unazaa mavuno kwa kipeo cha 0.3, faida ya kula inapimwa kwa logi, mtaji wote unachakaa kwa mwaka, na kipunguzo ni 0.95. Jibu sahihi ni kuwekeza 0.3 mara 0.95, yaani asilimia 28.5 ya mavuno, kila mwaka, tajiri au maskini. Mtaji hutulia kwenye 0.1664. Weka nukta 100 kati ya 0.05 na 0.30, nafasi kati ya nukta na nukta ni takriban 0.0025. Rudia mlinganyo hadi kosa la kweli, si hatua, liwe chini ya 0.000001. Uwekezaji unaoupata usipishane na wa kalamu zaidi ya nafasi moja au mbili. Kisha weka nukta 200, halafu 400. Kosa kubwa kuliko yote lipungue takriban kwa nusu kila mara. Likigoma kupungua, usiongeze nukta: chapisha thamani za mzunguko wa kwanza na wa pili, uzihesabu nukta tatu kwa mkono, na tafuta mahali programu na mkono vinapoachana.